Saa ya Kwenye Kioo

"Hii itupe," Bwana Harusi alisema, nusu ya uso wake ikiwa na povu. "Na hii itupe. Hii... hapa ulikuwa unaumwa?"

Kinyozi akasimamisha wembe hewani. Kumnyoa mtu anayecheka ni kazi, lakini kumnyoa mtu anayekucheka wewe mwenyewe ni mtihani. "Sikuwa naumwa. Ilikuwa harusi ya binti yangu."

"Mbona umekaa kama mtu aliyekanyagwa kidole?"

"Ndivyo ninavyotoka kwenye picha. Mimi na kamera hatupatani, tangu utoto. Tulia, nisije nikakukata."

Bwana Harusi alikuwa fundi bomba, na jina la Bwana Harusi alilipata kwa haki. Alikwisha kuoa mara tatu, na mara zote tatu alinyolewa kwenye kiti kilekile, asubuhi ya siku yenyewe, akiapa kwamba safari hii ni ya mwisho. Kwa habari ya kupata wake, mtaa mzima ulimkubali kuwa ni mwalimu. Kwa habari ya kukaa nao, hakuna aliyewahi kumwomba ushauri.

"Sikiliza, ndugu yangu," alisema, akipekua simu ya Kinyozi kwa kidole kilichokauka saruji. "Huko mtandaoni picha ndiyo salamu. Ukisalimia vibaya hujibiwi. Ya kwanza iwe uso, mchana kweupe, bila miwani ya jua. Ya pili mwili mzima, waone kama una miguu. Ya tatu uko kazini, wajue huna uvivu. Usisimame na gari la mtu. Usimkumbatie mwanamke, hata akiwa dada yako, nani atajua ni dada yako? Na usipige picha chooni."

"Nani anapiga picha chooni?"

"Wengi! Kule ndiko kuliko na kioo."

Kupitia ukuta mwembamba cherehani ilinyamaza, sauti ya mwanamke ikapenya. "Mwambie na ya tabasamu! Mwambie asikae kama anasubiri kung'olewa jino!" Huyo alikuwa dada yake Kinyozi, mkubwa wake wa kuzaliwa, fundi wa nguo katika chumba cha pili. Yeye ndiye aliyelianzisha jambo lote hili. Miaka minane tangu mkewe Kinyozi afariki, alikuwa akimtazama mdogo wake anafungua kibanda asubuhi, anafunga jioni, anarudi kwenye nyumba ambayo hata bakuli likidondoka hakuna wa kuuliza kimevunjika nini. Siku moja akaingia, akachukua simu yake, akamsajili kwenye mtandao wa wachumba bila hata kuomba ruhusa. "Mchana kutwa umekikodolea macho kioo," alimwambia. "Sasa utakioa?"

Na kweli kioo chenyewe kilikuwa kikubwa. Kilikula ukuta mzima wa mbele ya kiti, kutoka kwenye rafu ya mashine na brashi mpaka karibu na dari. Kinyozi alifanya kazi humo ndani ya kioo zaidi kuliko nje yake. Alizungumza na wateja kwa kuwatazama mle, aliona nani anaingia mlangoni mle, na hata saa ya ukutani, iliyotundikwa nyuma ya kiti, aliisoma mle. Ilimchukua muda gani kuzoea saa inayokwenda kinyume, hakumbuki tena. Siku hizi aliinua macho tu na kujua ni saa ngapi, wala hakuwahi kufikiri kwamba kuna jambo hapo la kufikiriwa.

"Basi tupige mpya," Bwana Harusi akasema alipofutwa povu.

Walipiga mpya. Kamera ya mbele ya simu ile ilikufa siku simu ilipotumbukia kwenye beseni la maji ya kunyolea, kwa hiyo kujipiga mwenyewe hakungewezekana. Bwana Harusi alimpiga mlangoni, uso peke yake. Akampiga amesimama barabarani, miguu yote miwili ikionekana. Akampiga ndani, mashine mkononi, shati la bluu aliloshonewa na dada yake limenyooshwa vizuri, saa ya ukutani juu ya bega. Kisha wakakaa benchini kuzitazama, na moyo wa Kinyozi ukafanya kama kawaida yake mbele ya picha. Ukanywea.

Hakuwa yeye. Huyu mtu kwenye simu alikuwa na uso wake, ndiyo, na kovu la nyusi, na shati lake. Lakini kila kitu kilikaa upande upande. Jicho dogo lilikuwa pasipo pake, mdomo umevutwa kama mtu anayesikiliza uongo. Akaona aibu ileile aliyoiona tangu picha ya kwanza ya shuleni, aibu ya kujikuta huna sura uliyodhani unayo.

"Ziache," alisema. "Kizuri chajiuza. Mimi nikajitembeze na uso huu?"

"Ngoja basi, usilie. Simu hizi zina kila dawa." Bwana Harusi akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Akaifanya picha iwe njano, akaifanya ya zamani, akaikata kichwa. Kisha akagusa kitu, na picha ikapinduka, kushoto kukawa kulia.

"Hapo!" Kinyozi akamshika mkono. "Usiguse tena. Hapo hapo."

"Nimeigeuza tu."

"Huyo ndiye mimi."

Alikuwa ni yeye, jamani, yuleyule anayeamka naye, anayenyoa ndevu zake kila asubuhi. Jicho limerudi mahali pake, mdomo umetulia. Hata kibanda nyuma yake kilikaa sawasawa, na saa ilikuwa ileile aliyoizoea. Kinyozi alicheka peke yake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijiona kwenye picha akasema, mbona si mbaya. Wakazigeuza zote tatu, wakazipandisha, na chini yake Bwana Harusi akaandika neno moja tu, Kinyozi. "Jina atauliza mwenye nia," alisema.

Wenye nia walikuwa wachache. Mmoja alitaka kujua kama anakata nywele za mbwa. Mwingine alituma maua ya rangi kila asubuhi na hakuwahi kuandika neno. Kisha akaja Mama Lango.

Hilo ndilo jina wenzake kazini walilompa, naye akaliandika vivyo hivyo. Alikuwa mlinzi katika jengo la maofisi upande wa pili wa mji. Kazi yake ilikuwa kusimama langoni, kupokea kitambulisho, kutazama picha, kutazama uso, kutazama picha tena, na kusema pita au rudi. Picha zake mwenyewe zilikuwa mbili tu. Katika moja amevaa sare, kofia imenyooka, hana hata chembe ya tabasamu. Katika nyingine anacheka mpaka macho yamefumba. Kinyozi aliitazama ya pili mara nyingi kuliko ambavyo angekubali kuulizwa.

"Leo mtu kanipa kitambulisho cha kaka yake," Mama Lango aliandika jioni moja. "Namwambia huyu si wewe. Ananijibu, ni mimi, nimenenepa. Nikamwambia, umenenepa mpaka masikio yamehama?"

Kinyozi akajibu, "Mimi leo nimemnyoa bwana aliyesinzia kwenye kiti. Kila nikimwinua kichwa, kinaanguka. Nimemaliza upande mmoja, wa pili nimemwambia arudi akishaamka."

Ndivyo walivyoanza, na ikawa kila siku. Walisimuliana vituko vya kazini, wakataniana, wakaulizana umekula, umelala, mvua imekunyeshea? Alipomwambia habari za marehemu mkewe, Mama Lango hakumletea pole za juujuu. Aliuliza, "Alikuwa anakucheka?" Kinyozi akajibu kwamba alikuwa anamcheka sana. "Basi ulikuwa na bahati," akaandika. Naye akaeleza kwamba aliwahi kuolewa, kwamba nyumba ile haikuwa na kicheko, na kwamba hayo yamepita.

Kinyozi akaanza kuimba akinyoa. Sauti hana, masikini, lakini wateja walivumilia. Dada yake alisikia kupitia ukuta na kutabasamu juu ya cherehani.

Mambo yaliharibikia kwenye kovu. Mama Lango alimwomba waonane kwenye simu, uso kwa uso, naye akaeleza habari za kamera na beseni. Ilikuwa kweli tupu, lakini hata yeye mwenyewe alipoisoma aliona inanuka uongo. Mama Lango akauliza, kwa utani, kovu lile la nyusi lilitokana na nini. Kinyozi akaandika kwamba aliangukia ukingo wa ndoo utotoni, na kwamba nyusi ya kushoto haikuwahi kuota vizuri tangu siku hiyo.

"Ya kushoto?"

"Ya kushoto. Ninaishika hapa sasa hivi."

Mama Lango hakujibu usiku ule. Kinyozi aliusoma ujumbe wake asubuhi, mteja wa kwanza amekwisha kufungwa kitambaa shingoni.

"Unasema kushoto. Kwenye picha zako zote kovu liko kulia. Mfuko wa shati uko kulia. Saa ya ukutani namba zake zinakwenda kinyume. Picha zimegeuzwa. Wanaogeuza picha ni wale walioiba uso wa mtu, hawataki zijulikane zilikotoka. Najua kwa sababu yalishanipata. Mwaka jana nilimpenda mtu kwa miezi mingi, kumbe uso ulikuwa wa mtu mwingine kabisa, tena aliyekwisha kufa. Nikamlilia marehemu asiyenijua. Mimi kazi yangu ni kutambua nyuso, na nilidanganywa na uso. Sirudii. Kwaheri, Kinyozi, kama kweli wewe ni kinyozi."

Alisoma mara ya kwanza hakuelewa. Alisoma mara ya pili, kwaheri ikabaki kwaheri. Akamfungua mteja kitambaa, akamwomba radhi, akamwambia arudi baadaye, mteja akatoka akishika nywele zake ambazo hazijaguswa. Kinyozi akaenda kusimama kwenye mlango wa pili.

"Dada. Nitazame. Mimi ni mwongo?"

Dada yake akaondoa mguu kwenye cherehani. Akapokea simu, akasoma, akazifungua picha moja moja. Alipofika ya tatu akaisogeza karibu na macho, akaishusha, akamtazama mdogo wake, akaiinua tena.

"Shati hili nimelishona mimi," alisema polepole. "Lini nimewahi kuweka mfuko kulia?"

"Mbona mimi naliona sawa?"

"Sawa vipi? Nikwambie ukweli? Siku ulipozipandisha nilishtuka. Nikajisemea, mbona mdogo wangu hapa ni kama si yeye? Nikadhani ndiyo mambo ya simu. Ulikuwa na furaha, sikutaka kukuharibia." Akasimama, akamvuta mkono mpaka kibandani, akamweka mbele ya kioo. "Huyu ndiye unayemjua?"

"Ndiye."

"Mimi simjui." Akamgeuza kwa mabega, wakatazamana ana kwa ana, dada mtu akipapasa kovu la nyusi kwa kidole gumba kama alivyolipapasa siku ya ile ndoo, damu ikitoka na mama yao akipiga mayowe. "Mimi namjua huyu. Jicho dogo liko huku. Ukicheka, mdomo unakwenda huku. Kinyozi hajinyoi, mdogo wangu. Umenyoa watu wote wa mtaa huu, sura yako mwenyewe hujawahi kuiona."

Kinyozi alitaka kucheka, kicheko kikakataa. "Kwa hiyo ule uso wa kwenye picha za zamani. Ule wa kupinda."

"Haujapinda. Ni wako. Ndio tuliouzoea sote."

"Na marehemu?"

Dada yake alimtazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira kidogo. "Wifi yangu alikuona wapi wewe, kwenye kioo?"

Siku hiyo, kwa jambo lisilowahi kuonekana mtaani, kibanda cha Kinyozi kilifungwa adhuhuri. Alikwenda nyumbani moja kwa moja, akavuta kabati kutoka ukutani, akaingiza mkono nyuma yake kwenye vumbi na utando wa buibui, akaitoa picha ya siku ya ndoa yao. Fremu ilikuwa imelegea, kioo chake kizima. Akaketi nayo kitandani.

Mkewe ndiye aliyeitundika, juu ya meza ya kulia, mahali ambapo kila mgeni angeiona. Waligombania picha hii miaka na miaka. "Iondoe, nimetoka vibaya," yeye husema. "Umetoka ulivyo," mkewe humjibu, na akishasema hivyo hucheka, na akishacheka hakuna tena ugomvi. Kinyozi alidhani anataniwa. Mkewe alipofariki, Kinyozi aliishusha kabla hata matanga hayajaisha, na watu wakasema, maskini, uchungu, hawezi hata kumtazama. Haukuwa uchungu. Ulikuwa uso wake mwenyewe asioupenda, na sasa hapakuwa na wa kumzuia. Miaka minane alimweka mkewe nyuma ya kabati, ati kwa sababu yeye kinyozi hakujipenda pembeni.

Akafuta kioo kwa kiganja. Akamtazama yule kijana mwenye jicho dogo pasipo pake na mdomo uliovutwa, akajilazimisha asiondoe macho. Huyu ndiye aliyependwa. Si yule wa kibandani, mzuri, aliyekaa sawa. Yule hakuna mtu aliyemwona ila yeye. Kinyozi akalia kweli, kwa sauti, mchana, madirisha yakiwa wazi, na kama jirani alisikia basi alisikia. Alilia kwa mkewe, na alilia pia kwa yule wa langoni, kwa maana hakuwa amejua, mpaka pale alipoambiwa kwaheri, kwamba alikwisha kumweka ndani ya siku zake. Alipomaliza akaunawa uso, akatafuta msumari, akaitundika picha mahali pake pa zamani.

Alirudi kibandani akiwa amevaa lile shati la bluu. "Dada, nipige picha. Hapo chini ya saa. Na usiguse kitu chochote, usigeuze, usipambe."

Dada yake akampiga. Kinyozi akaitazama. Mfuko kushoto, kovu kushoto, saa nyuma yake inakwenda kama saa za watu wote. Na uso, uso ulikuwa uleule wa siku zote, wa kupinda, wa mtu mwingine. Kidole kikaganda juu ya simu. Ni rahisi kumpa mtu kilicho kizuri. Kumpa usichokipenda mwenyewe, na kumwambia chagua, hapo ndipo roho inaposita.

Akaandika, akafuta, akaandika.

"Mama Lango, picha niligeuza mimi mwenyewe, lakini uso sikuiba. Mimi siku zote hujiona kwenye kioo tu. Nikiona picha ya kweli naona mtu mwingine, kwa hiyo niligeuza ili niwe mimi. Sikujua kwamba wengine mnamjua yule mwingine. Leo nimeambiwa. Hii hapa haijaguswa, sura ndiyo hiyo, mimi mwenyewe siipendi lakini ndiyo yangu. Kibanda changu kiko nyuma ya soko la mitumba, mlango wa kijani, karibu na fundi wa nguo. Njoo na picha zote. Fanya kama unavyofanya langoni. Nisipofanana, nirudishe."

Akatuma kabla ujasiri haujamtoka.

Jibu halikuja siku hiyo, wala ya pili yake. Alama ilionyesha kwamba amesoma, basi. Kinyozi hakuimba tena. Bwana Harusi, aliposikia mkasa, alijishika kichwa na kusema lawama zote ni zake, kisha akasema kwa kweli si zake zote, kisha akashauri wajaribu mtandao mwingine. "Sitaki mwingine," Kinyozi alimjibu, na kwa namna alivyolisema, Bwana Harusi, mtu aliyetaka mwingine mara tatu, alirudisha simu yake mfukoni.

Wiki ikaisha, nyingine ikaanza. Jumanne huwa siku kavu kwa vinyozi. Jioni ile hakukuwa na mteja, na Kinyozi alikuwa anafagia nywele za mchana, mgongo kwenye barabara, alipoona ndani ya kioo kwamba kuna mtu amesimama kizingitini. Sare ya bluu iliyokoza. Kofia imenyooka. Hana hata chembe ya tabasamu.

Akageuka, ufagio mkononi.

"Usisogee," mwanamke alisema. "Simama hapo kwenye mwanga."

Alisimama kwenye mwanga. Cherehani ya jirani ikanyamaza ghafla. Mama Lango akatoa simu mfukoni, akaishika kwa mkono ulionyooka, na akafanya kazi yake. Alitazama picha, akatazama uso. Alitazama picha. Macho yake yalipita kwenye nyusi, jicho, pua, mdomo, bila haraka na bila huruma, kama yanavyopita kwenye mamia ya nyuso kila siku, na Kinyozi alijikuta anataka kuficha upande mmoja, asijue upi.

"Cheka," Mama Lango akasema.

"Nicheke nini?"

"Lolote. Cheka."

Hakuwa na la kuchekea duniani. Lakini pale pale, upande wa pili wa ukuta, kitu kizito kikaanguka, pengine mkasi, pengine kopo zima la vifungo, na sauti ya mwanamke aliyekuwa ameegemeza sikio ukutani ikasema, "Yarabi toba." Kinyozi akacheka. Kicheko kilimtoka bila kupangwa, mdomo ukaenda kulekule unakokwenda siku zote.

Mama Lango akashusha simu.

"Ni wewe," alisema. Sauti yake haikuwa tena ya langoni. "Nimesimama pale nje kwa muda mrefu. Jana pia nilikuja, nikafika kwenye kona nikarudi. Niliogopa nitamkuta mtu mwingine."

"Mimi niliogopa utanikuta mimi."

Mama Lango akavua kofia, akaiweka kwapani, na bila kofia alionekana amechoka, mwanamke aliyesimama kwa miguu yake tangu alfajiri. "Na yule mwingine? Yule niliyekuwa naongea naye siku zote hizo, wa picha zile?"

Kinyozi akasita, kisha akasogea pembeni na kumwonyesha kioo kwa mkono. Mama Lango akaingia, akasimama kando yake, akatazama. Mle ndani alikuwemo, kovu kulia, mfuko kulia, sura ileile ya kwenye picha, amekaa sawa na ana wasiwasi mwingi.

"Ala!" alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe naye yupo."

Kisha macho yake yakahama kidogo, yakajitazama mwenyewe ndani ya sare, na kwa muda alikuwa kama mtu aliyekutana na jamaa wa mbali. Akainamisha kichwa upande huu. Akakiinamisha upande ule. Kinyozi akarudi nyuma hatua moja. Aliwahi kuona watu wengi wakijitazama kwenye kioo kile, na alijua wakati wa kumwacha mtu.

"Mimi basi lazima niwahi," Mama Lango alisema mwishowe. "La mwisho kurudi kwetu linapita saa moja na nusu." Macho yake yalikuwa yamefika juu, kwenye saa iliyokuwa nyuma yao. "Lah, kumbe ni saa kumi na moja tu."

Kinyozi alijua ni saa ngapi. Aliisoma saa ile mle ndani kila siku ya Mungu. Angeweza kunyamaza, na hakuna kitu alichokitamani wakati ule kuliko kunyamaza.

"Ni saa moja," alisema. "Hiyo ni ya kwenye kioo. Kinyume chake."

Mama Lango akageuka nyuma, akaitazama saa ukutani. Akaitazama kwa makini, kama kitambulisho. Nje taa za barabarani zilikuwa zimeanza kuwaka, na upande wa pili wa ukuta hapakuwa hata na sauti ya sindano. Kisha akageuka tena mbele, akaishusha kofia yake taratibu juu ya rafu ya brashi, akakaa kwenye kiti, akaegemeza kichwa, akamtazama Kinyozi ndani ya kioo.

"Mle wanasema kumi na moja," alisema.